Mwandikie Mtu Mmoja: Mwongozo kwa Mkristo wa North York Mwenye Kalamu

Miongoni mwetu tunaoishi ughaibuni, sidhani kama kuna mstari wa Biblia unaotumwa zaidi kuliko Yeremia 29:11. Uko kwenye vikombe, kwenye kalenda za kanisa, kwenye stetasi za WhatsApp kuanzia Jane na Finch hadi Don Mills. Wanaoutuma mara nyingi husahau kwamba umetolewa ndani ya barua. Yeremia aliiandika akiwa Yerusalemu, ikabebwa na Elasa mwana wa Shafani na Gemaria mwana wa Hilkia, ikawafikia watu waliohamishwa kwenda Babeli. Kabla ya ahadi ile tamu, barua inawaambia mambo ambayo mtu aliye mbali na kwao hapendi kuyasikia: wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, wauombee amani mji ule ule waliopelekwa kwa nguvu. Mstari wa 10 unataja na muda. Ni miaka 70. Wengi wa waliosomewa barua ile wangezikwa hukohuko.

Ukitaka kalamu yako iwe huduma ya kutia moyo hapa North York, soma sura hiyo yote kabla ya kusoma kitabu chochote cha mafunzo ya uandishi. Ile barua ina anwani. Mwandishi anajua wasomaji wake wanaishi wapi na wanalala wakiwaza nini, hawadanganyi kuhusu muda, na anawaachia kazi ya kufanya kesho asubuhi. Sehemu kubwa ya maandishi tunayotumiana kwenye magrupu ya kanisa imekosa hayo yote manne, na ndiyo maana watu huyajibu kwa alama ya viganja vilivyounganishwa na kuendelea na shughuli zao.

Anza na jina

Usianze na "wanawake wanaopitia magumu" wala "vijana wa kizazi hiki". Anza na yule dada anayefanya shifti ya usiku kwenye nyumba ya wazee, anayerudi alfajiri wakati wewe unaamka, analala watoto wakiwa shuleni, na haonekani ibadani kwa sababu Jumapili ndiyo zamu anayopewa. Andika jina lake juu ya karatasi. Kisha jiulize alikwambia nini mara ya mwisho mlipoongea. Jiulize atasomea wapi utakachoandika: pengine kwenye simu, amesimama ndani ya basi, mkoba begani, akiwa na dakika tatu kabla ya kushuka. Hapo utajua mwenyewe kwamba maneno 300 yanatosha, na kwamba utangulizi wa salamu na sifa za Mungu aliye juu utamaliza dakika zake kabla hujamfikia.

Ukimaliza, mtumie yeye kwanza. Baada ya siku kadhaa, ikiwa unaona andiko hilo litawafaa na wengine, futa jina na kila kitu kinachomhusu yeye tu, kisha lisome tena. Utashangaa kwamba andiko linabaki limesimama. Baadhi ya barua za Agano Jipya zilianza hivyohivyo, kwa mtu mmoja: ya Filemoni iliandikiwa hasa yeye, pamoja na kanisa lililokuwa nyumbani mwake, kwa ajili ya Onesimo mmoja, na haizidi aya 25.

Hadhari moja kuhusu jina. Kumwandikia mtu ni tofauti na kumsema. Kama unaandika kuhusu kusamehe ili fulani "ajione", acha, nenda mkaonane uso kwa uso.

Kutia moyo na kuelekeza njia

Julai 2023 waomba hifadhi wengi kutoka Afrika, Wakenya na Waganda wakiwemo, walilala kwenye lami katika mtaa wa Peter, katikati ya Toronto, nje ya ofisi inayopokea wasio na makazi. Makazi ya dharura yalikuwa yamejaa, na ngazi mbalimbali za serikali zilikuwa zikivutana kuhusu nani atoe fedha. Makanisa mawili ya huku North York, Revivaltime Tabernacle na Dominion Church International, yaliwafungulia milango, na watu wakalala ndani ya majengo ya ibada.

Hebu jiulize ungemwandikia nini mtu aliyelala kwenye ukumbi wa kanisa usiku ule. Mstari peke yake, hata ukiwa mzuri, ungemwacha palepale. Angehitaji pia kujua yuko sehemu gani ya mji, kesho ataanzia wapi, na kama kuna mtu anayejua jina lake. Kwa hiyo usione aibu kuchanganya neno la Mungu na maelezo ya barabara. Mwambie kwamba namba 211 huwaelekeza watu kwenye huduma za jamii, na kwamba anaweza kuomba mkalimani. Mwambie kwamba Legal Aid Ontario ndipo pa kuulizia wakili wa kesi ya hifadhi ikiwa hana fedha. Mwambie kwamba kadi ya maktaba ni bure kwa wakazi wa Toronto, na kwamba maktaba ya York Woods iko pale Finch, karibu na Jane, ina joto, ina kompyuta, na hakuna atakayemuuliza anasubiri nini. Waandishi wengi wa ibada fupi wanaliogopa jambo hili, wanaona linashusha hadhi ya ujumbe. Yeremia alizungumzia bustani na harusi.

Lakini uwe na uhakika na unachoelekeza. Piga simu wewe mwenyewe kwanza, tazama saa za kufungua. Mtu akisafiri kwa mabasi mawili na kukuta mlango umefungwa, hatasoma tena ujumbe wako.

Maneno ya kuacha

Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Hadi hapo walikuwa wafariji wazuri. Waliharibu walipofungua vinywa na kuanza kumweleza sababu.

Sisi nasi tunazo sentensi zetu za kuharibu. Ile ya kwamba Mungu hampi mtu mzigo unaomzidi nguvu ndiyo inayotumika sana, na watu huamini imo katika Biblia. Wanafikiria 1 Wakorintho 10:13, mahali Paulo anapozungumzia majaribu na mlango wa kutokea. Lakini Paulo huyohuyo, katika 2 Wakorintho 1:8, anakiri kwamba kule Asia walilemewa kupita uwezo wao hata wakakata tamaa ya kuishi. Ukimwandikia mtu aliyelemewa kwamba hajalemewa, umemfanya aone aibu juu ya maumivu. Mpe ile 1:8 badala yake. Ataona kwamba hata mtume alifika hapo alipo.

Nyingine ni lugha ya mimbarini: mpenyo, upako mpya, kuinuliwa viwango, msimu wako umefika. Mahubiri yana sauti, yana kinanda nyuma, yana watu wanaoitikia. Maandishi hayana kinanda. Neno "mpenyo" likikaa peke yake kwenye skrini ya mtu ambaye ombi lake la kazi limekataliwa wiki hiyo, linamwachia swali tu: mbona wangu hauji? Andika kilichotokea kwa maneno ya kawaida. Badala ya kusema Mungu amemfungulia ndugu yetu mlango, sema alipata kazi ya ghala mwezi wa Machi baada ya kutafuta tangu Septemba, na kwamba kati ya miezi hiyo kuna wiki alizokuwa haombi kabisa. Msomaji wako anayeishi kwenye Novemba yake atajua ameandikiwa yeye.

Na zile picha za maua zenye maneno ya asubuhi njema, sitazikataza. Mama yangu mdogo huzipenda. Ila tusiziite huduma ya uandishi.

Msiba wa mbali

Hapa nikawie kidogo, kwa sababu ndipo kalamu inapohitajika zaidi katika mji huu. Mtu anafiwa na mama yake Bukavu au Kitale, na hawezi kwenda. Kesi yake ya hifadhi haijaamuliwa, au hana hati ya kusafiria, au nauli imeshindikana. Anatazama mazishi kwenye simu, mtandao unakatika wakati jeneza linateremshwa. Jioni watu wa kanisa wanajaa sebuleni kwake, kuna chai, kuna nyimbo, na kesho yake anarudi kazini kwa sababu kodi ya nyumba haingojei.

Ukimwandikia mtu huyo, mtaje marehemu kwa jina. Kama hukumjua, muulize mfiwa jambo moja juu yake, alipika nini, aliimba wapi, alikuwa mkali kwa lipi, kisha liandike. Mtu aliyekosa kaburi la kutazama hushukuru sana kumwona mama yake katika maandishi ya mtu mwingine. Usimwambie asilie. Yesu alilia akielekea kwenye kaburi la Lazaro hali akijua dakika chache baadaye atafanya nini. Na usimwambie "angalau alikuwa mzee". Kwa mtoto hakuna mama aliyefikia umri wa kufa.

Kisha angalia kalenda. Wiki ya kwanza simu ya mfiwa haipumziki. Wiki ya sita imenyamaza. Weka kumbukumbu kwenye simu yako, umwandikie wiki ya sita, na tena mwaka ukizunguka. Kama wakati huo ni majira ya baridi, zidisha. Desemba jua la Toronto huzama kabla ya saa 11 jioni, na mtu anayetoka kazini gizani akaingia gizani anahitaji barua kuliko yule wa Julai.

Kama umejaliwa vina na mizani, hapa ndipo pa kuvitumia. Waswahili Wakristo tuna urithi huo ingawa makanisani tumeuachia wazee. Mathias Mnyampala, aliyefariki mwaka 1969, aliiingiza Injili na Zaburi katika bahari ya utenzi: mizani 8 kila kipande, vipande vitatu vikikubaliana na cha nne kikishika kina kinachopita utenzi mzima. Beti sita za namna hiyo, zikimtaja marehemu na kijiji chake, husomwa kwenye matanga na baadaye hukatwa na kuwekwa ndani ya Biblia ya familia. Ukurasa wa nathari haufiki huko. Lakini kama mizani inakugomea, iache. Shairi linalochechemea hufanya watu watazamane.

Ushuhuda una mwenyewe

Siku moja utatamani kuandika habari ya mtu mwingine, kwa sababu inatia moyo kuliko yako. Simama hapo kwanza.

Mtu anayesubiri kesi mbele ya Bodi ya Uhamiaji na Wakimbizi ya Kanada amekwisha kueleza maisha yake kwa maandishi, tarehe kwa tarehe. Bodi hupima kama maelezo yake yanaaminika. Ukiandika ushuhuda wake ukakosea mwaka, au ukapamba kidogo ili upendeze, na andiko likazunguka, umezaa maelezo mengine yanayopingana na yake. Yeye hakuyaandika, lakini yatasemwa ni yake. Zaidi ya hapo, waliomfukuza kwao bado wapo, na ndugu zake bado wako karibu nao. Kwa mtu wa namna hii sheria yangu ni fupi: usiandike habari ya kesi wala ya safari mpaka mambo yake yaishe kabisa, na hata hapo aulizwe wakili wake.

Kubadilisha jina hakutoshi. Jumuiya yetu ni ndogo. Ukiandika "mama mmoja wa Uvira, tumwite Maria, aliyekaa kambi ya Nyarugusu miaka kumi, akajifungua mapacha alipofika Toronto", kila mtu aliyepita Nyarugusu ameshamjua. Ondoa mapacha, ondoa Uvira, ondoa miaka. Kama baada ya kuondoa hayo habari haina nguvu tena, ujue nguvu yake ilikuwa katika mambo ambayo si yako kuyatoa.

Ruhusa iombwe mara mbili. Kwanza kabla ya kuandika, halafu baada ya kuandika, ukimsomea yote kwa sauti, kwa lugha anayoielewa vizuri. Mtu husema "andika tu, mwanangu" kwa adabu, hasa akiwa ni mama mkubwa kwako na wewe ni mtoto wa kanisa; akisikia maneno yenyewe ndipo anaposema "hapo paondoe". Paondoe bila kubishana.

Kuna wakati ukweli wote lazima usemwe, nao una watu wake. Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa chini ya utawala wa Idi Amin, Festo Kivengere, askofu wa Kigezi, alivuka milima kwa miguu usiku pamoja na mkewe hadi Rwanda. Mwaka huohuo kilitoka kitabu chake kidogo kilichotangaza, tangu kwenye jalada, kwamba anampenda Amin. Kilishtua watu wengi. Lakini Kivengere hakufika kwenye msamaha kwa kuruka mauaji, aliyaeleza. Alikuwa askofu, jina lake linajulikana duniani, na hatari aliyoichukua ilikuwa yake mwenyewe. Chukua kwake ule mpangilio: ubaya utajwe kwanza, ndipo msamaha usemwe. Ile hatari usimtwishe dada wa watu anayeishi kwenye makazi ya muda.

Kwa wazee hali ni nyingine kabisa. Wapo babu na bibi zetu katika maghorofa ya Jane na Finch waliookoka wakati wa uamsho wa Afrika Mashariki ulipopita kwao, wanaojua nyimbo ambazo wajukuu wao hawazijui, na hawaandiki. Katika Warumi 16:22 anajitokeza Tertio, aliyeiandika barua ile kwa mkono wake huku Paulo akisema, akajiwekea salamu yake ya sentensi moja. Uwe Tertio wao. Nenda na simu ya kurekodi, keti, uliza swali moja, nyamaza. Wakati wa kuandika usiwatengeneze Kiswahili chao. Bibi wa Bujumbura akiongea kama mtu wa Unguja, wajukuu watajua si yeye.

Lugha ya nani

Hapa kanisa moja lina Mkongomani, Mrundi, Mkenya, Mtanzania, na Mnyarwanda aliyejifunzia Kiswahili kambini. Andika Kiswahili kilichonyooka, sentensi fupi, bila misamiati ya kuonyesha usomi wala misemo ya mtaani ya Nairobi au Dar ambayo mtu wa Goma ataikodolea macho. Kwa Biblia, wengi wanaijua ile ya Union Version ya 1952. Ukitumia tafsiri nyingine, itaje. Ukitaka kunukuu sehemu ndefu katika kijitabu cha kuchapishwa, soma ukurasa wa mbele wa Biblia yako kuhusu haki za tafsiri na uombe ruhusa. Mara nyingi haitakulazimu: taja sura na aya, eleza kwa maneno yako, umwache msomaji afungue mwenyewe.

Watoto wetu wengi hawasomi Kiswahili vizuri. Kuwaandikia ni huduma nyingine, kwa Kiingereza, na mara nyingi wataifanya wao wenyewe vizuri zaidi. Usichanganye lugha mbili katika andiko moja ukidhani utawapata wote.

Kupeleka

Mwaka 1888, Kiungani, Unguja, misheni ya UMCA ilianza kuchapa Msimulizi, gazeti dogo la Kiswahili lililobeba habari za wanafunzi na vituo vya misheni, visiwani na bara. Mwalimu aliyekaa peke yake kituo cha mbali alijua kupitia karatasi ile kwamba wenzake wapo na wanafanya nini. WhatsApp inafanya kazi hiyo leo, kwa hiyo jifunze saa zake. Majira ya baridi tuko nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa 8, majira ya joto kwa saa 7. Goma, Bukavu na Bujumbura ziko saa moja nyuma ya Dar. Ukituma ujumbe saa 4 usiku mwezi wa Januari, unafika Nairobi saa 12 asubuhi, mtu akiwasha jiko. Ukituma mchana wa hapa, unawafikia wamechoka au wamelala.

Tuma maandishi matupu. Video hula bando, na mtu wa Bukavu anayenunua bando la siku hatafungua ya kwako. Maandishi husomeka hata mtandao ukiwa dhaifu, na hutumwa tena kwa wengine bila gharama. Kwa wasioona vizuri au wasiosoma, jirekodi ukisoma andiko lilelile, dakika mbili, bila muziki. Na kwa wazee wa hapa, chapisha. Karatasi moja iliyokunjwa katikati, herufi kubwa, ukaiache mezani penye chai baada ya ibada. Utaikuta imebandikwa kwenye friji ya mtu ambaye hujawahi kuongea naye.

Mara moja kwa wiki inatosha, siku ileile. Kila siku ni nyingi mno kwako na kwao. Ile ibada fupi inayojulikana dunia nzima kwa jina la Our Daily Bread hutoka kila siku tangu 1956, lakini ina waandishi wengi wanaopokezana na wahariri nyuma yao. Wewe uko peke yako, na kesho una kazi.

Mahali pa kuandikia na mtu wa kukusoma

Nyumba zetu zina watu. Maktaba kuu ya North York iko Yonge, kando ya Mel Lastman Square, unashuka treni kituo cha North York Centre na kuingia bila kukanyaga theluji. Kuna meza ghorofa baada ya ghorofa na ukimya wa kutosha. Ukiwa upande wa mashariki, Bayview, pana Chuo Kikuu cha Tyndale, cha Kikristo, kilichopewa jina la William Tyndale. Huyo alilitafsiri Agano Jipya kwa Kiingereza akiwa mbali na kwao, likachapwa Worms mwaka 1526 na kuingizwa Uingereza kwa kufichwa ndani ya mizigo ya biashara, na miaka kumi baadaye akauawa. Wakimbizi wanaoandika wana ukoo mrefu kuliko wanavyodhani.

Kabla ya kutuma, tafuta wasomaji wawili. Mmoja awe mtu anayejua Maandiko, mchungaji au mzee wa kanisa asiyekuogopa, akuambie kama umepindua aya. Wa pili awe mtu wa kawaida aliyechoka, umsomee kwa sauti ukimtazama usoni. Pale macho yake yanapohama, kata. Mara nyingi ni aya ya kwanza.

Kuhusu kitabu, usikimbilie. Kanada namba ya ISBN hutolewa bure na Library and Archives Canada, na kuchapa nakala chache si kazi ngumu siku hizi, kwa hiyo ukiona mtu anakudai maelfu ya dola ili "akuchapishie huduma yako", mwulize analipwa kwa lipi hasa. Kusanya kwanza barua za mwaka mzima. Zilizojibiwa na watu ndizo kitabu.

Wakijibu

Ukiandika vizuri, watajibu, na hapo huduma inageuka kuwa nzito. Utaandika juu ya upweke, na saa 7 usiku mtu atakujibu kwamba hataki kuishi. Usimtumie mstari halafu ukalala. Mpigie. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizi wazo hilo. Kanada kuna namba 988, ya kupiga au kutuma ujumbe, saa zote, kwa Kiingereza na Kifaransa. Kama Kiingereza chake ni kidogo, kaa naye kwenye simu mpige pamoja. Hatari ikiwa ya papo hapo, ni 911. Asubuhi mwambie mchungaji, kwa ruhusa yake ikiwezekana, maana mtu mmoja hawezi kumbeba mwenzake peke yake.

Anayekueleza habari za kupigwa nyumbani usimwandikie kuhusu uvumilivu. Muulize kama yuko salama sasa hivi, kisha 211 itamwonyesha makazi na wanasheria. Anayeuliza kuhusu karatasi za uhamiaji, usimpe ushauri wa sheria hata kama kesi yako ilifanana na yake.

Wengine watajibu kwa kukosoa Kiswahili chako, na mara nyingi watakuwa sahihi. Sahihisha, shukuru.

Weka daftari dogo la majina na tarehe: nani ana kesi lini, nani anafanyiwa upasuaji katika hospitali ya Humber River, nani mtoto wake anafunga ndoa Kisumu naye hataweza kuwepo. Wote humwandikia mtu kabla ya kesi, na simu yake hujaa maombi na baraka. Wewe mwandikie siku inayofuata pia. Kama amekubaliwa, mwulize sasa atawaleta watoto vipi. Kama amekataliwa, mwulize wakili amesema ana siku ngapi za kukata rufaa, na kama angependa umsindikize.